Nimefumwa Nikifuma

Wiki jana mliniacha nimeinua mkono sebuleni, mbele ya mume wangu, mbele ya wifi yangu na mbele ya mama yangu mzazi, nikiapa kwamba sitagusa uzi mpya mpaka nimalize kitandiko cha Mama.

Mkono wenyewe haukukaa juu sana.

Kwa aliyeingia leo, nimweleze kwa kifupi asije akadhani nimerukwa na akili bila sababu. Mimi ni mwanamke wa kufuma. Nikiona uzi mpya, sisikii la mtu. Chini ya kitanda chetu kuna mifuko, na ndani ya kila mfuko kuna kitu nilichokianza kwa mbwembwe nikakiacha njiani: sweta la mume wangu lenye mkono mmoja, soksi isiyo na mwenzake, kofia ya mtoto wa jirani ambaye siku hizi ananyoa ndevu.

Yote hayo mume wangu aliyavumilia. Ni mwoka mikate, mtu mpole, na sweta la mkono mmoja hulivaa nyumbani akitaka kunichekesha.

Lakini kitandiko cha Mama ni habari nyingine. Mama ndiye aliyenifundisha kufuma, na kitandiko alikianza yeye: uzi mweupe, na maua ya njano yamejipanga upande wa juu. Alipofika nusu macho yakamwangusha. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone yatachelewesha tu hicho kilichobaki. Sasa Mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukimsogelea anaona pua yako peke yake. Mpaka urudi nyuma ndipo unamwenea machoni mzima.

Alinikabidhi nusu ile akaniambia, "Nimalizie. Maua ya chini yawe ya kwako. Nataka nikione chote, hata mara moja, kabla hapajafungwa."

Na tangu siku hiyo hajakigusa. Ukimpelekea akipapase anarudisha mikono mapajani. Anasema vidole vitapata zamu yao baadaye, sasa hivi ni zamu ya macho.

Ndiyo maana niliapa, na niliapa kwa moyo wote. Msinione mnafiki.

Kiapo hakijapoa, Fundi akapiga simu.

Fundi ni fundi cherehani wa mtaa wa pili. Anashona suruali na sketi, na kwenye rafu ya nyuma anauza nyuzi. Ananiita shemeji ingawa hatuna undugu wowote zaidi ya udhaifu wangu.

"Shemeji, zimefika."

"Zimefika nini?"

"Si unajua."

"Fundi, mimi nimeapa."

"Kwani nimekwambia ununue? Njoo uzione tu, zisije zikaondoka bila kuonana na wewe."

Nikamwambia siendi, nikakata simu. Nikachukua kitandiko cha Mama, nikafuma mstari. Mweupe juu ya mweupe, na juu yake mweupe mwingine, maana maua yangu yalikuwa bado mbali. Katikati ya mstari nikakumbuka kwamba mkasi wa Fundi ninao mimi, na si uungwana kukaa na mkasi wa watu.

Nikaenda kurudisha mkasi.

Jamani, uzi ule! Mwekundu, lakini si ule wa kupiga kelele. Mwekundu wa nyanya iliyoiva ikakaribia kupasuka. Nikaushika kidogo. Nikaupitisha shavuni. Fundi akageukia upande wa pili akajifanya anatia mafuta cherehani, kama mtu anayempisha mwenzake avae.

"Nitaanza vitanzi vichache," nikamwambia. "Nione tu unavyokaa."

"Anza, shemeji. Nani kakukataza?"

Vitanzi vichache vikawa mstari, mstari ukawa ukingo, ukingo ukawa shali. Nyumbani siwezi kulipeleka. Tukakubaliana likae pale dukani nyuma ya pazia, kwenye kile chumba ambacho wateja wanajaribia nguo. Nikienda sokoni napitia. Nikitoka sokoni napitia. Kuna siku nilitoka nyumbani na kikapu kitupu nikarudi nacho kitupu, nikamwambia Mama vitunguu vimeadimika.

Na yeye akaniamini. Akasema, "Pole mwanangu, na jua lote hili."

Sitaki kujitetea. Kila nikichomeka sindano najiambia hiki ndicho kitanzi cha mwisho, sasa nainuka naenda kwa Mama yangu. Mikono inakataa. Mume wangu akikasirika huniita mvivu, lakini mvivu hawezi kufuma nyuma ya pazia la watu mpaka mguu ukafa ganzi. Kuna wakati nadhani naogopa. Kitandiko kikiisha, Mama atakiona, na baada ya hapo hatakuwa na kitu anachosubiri kukiona. Kuna wakati nadhani hicho ni kisingizio nilichokitunga huku nafuma uzi mwekundu. Sijui. Ninachojua ni kwamba sijiwezi.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Ilikuwa mchana kweupe. Nipo nyuma ya pazia, nimekaa juu ya kigoda, shali mapajani, nikasikia sauti ya wifi yangu dukani. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Hata ukikaa naye meza moja, anakuita kana kwamba uko ng'ambo ya uwanja.

"Fundi! Sketi yangu tayari?"

"Tayari, dada. Ila ukaijaribie nyumbani. Chumba leo kina mtu."

"Mtu gani, mwanamume?"

"Mwanamke."

"Sasa shida iko wapi? Mimi nina nini asichokuwa nacho yeye?"

Pazia likafunguliwa.

Tukatazamana. Mimi mdomo wazi, yeye sketi begani.

"Ahaa!"

"Wifi, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Ulivyoapa pale! Mbele ya mama yako! Yule mama macho yanamwisha, wewe umejibanza huku!"

Akaninyang'anya shali, sindano bado inaning'inia, akatoka nalo barabarani huku simu iko sikioni. Nilimsikia, na mtaa mzima ulimsikia:

"Kaka! Nimemfuma! Nimemfuma mkeo kwa Fundi, nyuma ya pazia! Ndiyo, kwa macho yangu mawili! Hata haya hana! Halo? Kaka? Halo?"

Simu yake ikaishiwa chaji hapo hapo.

Nanyi mnalijua neno hilo lilivyo. Wifi alikuwa na maana kwamba amenikuta navunja kiapo. Lakini mwanamume aliye kazini, mikono kwenye unga, akiambiwa mkewe amefumwa nyuma ya pazia la mwanamume mwingine, hawezi kukaa akafikiria sindano. Muuza magazeti wa pale mbele ya duka alikunja magazeti yake akamtazama Fundi kwa heshima mpya.

"Shemeji," Fundi akaniambia, futi ya kupimia imemzunguka shingoni na jasho linamtoka, "mwite arudi. Lile neno ameliacha vibaya. Mimi nina mke."

Sikumsikiliza. Kichwani mwangu lilikuwa moja tu: Mama asijue. Nikatoka mbio, nikapita uchochoroni.

Nyumbani nikamkuta Mama yuko chumbani kwake, mlango umeegeshwa, redio inaongea taratibu. Nikashukuru. Kabla sijavua viatu, mume wangu akaingia.

Alikuwa na aproni ya kazini na unga kwenye nyusi. Hajawahi kutoka kazini saa kama zile, hata siku tuliyohamia nyumba hii.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kochi akanitazama.

"Ni kweli?"

Nikautupia jicho mlango wa Mama. "Nakuomba, punguza sauti."

"Nimeuliza, ni kweli?"

"Ni kweli," nikanong'ona.

Akafumba macho. "Tangu lini?"

"Si zamani. Tangu nilipokwenda kurudisha mkasi."

"Mkasi," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa kisu chenyewe. "Na mnakutana lini?"

"Kila nikienda sokoni."

"Kila ukienda sokoni!"

"Na nikirudi," nikasema, maana niliona nikishaamua kusema kweli nisiiseme nusu.

Akajishika kichwa. Unga ukamwagika mabegani.

"Kwa nini, mke wangu? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nilishindwa kujizuia. Nilipoiona rangi yake tu, nikaisha."

"Rangi yake?"

"Halafu laini. Wewe hujawahi kushika kitu laini namna ile."

"Mimi nikamshike wa nini!" akafoka, kisha akajipunguza sauti mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Na mimi je? Ndiyo umenichoka? Ndiyo umeniweka pembeni hivyo?"

Nilimhurumia sana. Nikakaa karibu yake, nikamshika goti.

"Wewe nitakumalizia," nikamwambia. "Wewe umebaki mkono mmoja tu."

Akajifuta macho kwa aproni.

"Mkono mmoja wa nini?"

"Wa sweta."

"Sweta limeingiaje hapa?"

"Kwani sisi tunazungumza nini?"

Akanitazama. Nami nikamtazama.

"Dada amenipigia," akasema polepole. "Ameniambia amekufuma."

"Ndiyo. Kanifuma nafuma."

"Unafuma."

"Nafuma. Kwa sindano. Kwani nifume kwa nini tena?"

Nilimwona anavyolipokea neno, analigeuza huku na huku. Halafu mume wangu, mtu mzima na heshima zake, alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Alipiga magoti sakafuni, analia na kucheka, unga na machozi vimekuwa donge usoni.

"Kufuma! Mke wangu alikuwa anafuma! Ee Mungu wangu, anafuma tu!"

"Nyamaza!" Nikamziba mdomo kwa mikono miwili. Nilichelewa.

Redio chumbani ikazimwa.

Mama akatoka, mkono mmoja ukutani, anatafuta sauti zilikotoka. "Nani anafuma?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi kabisa. Lakini mume wangu alikuwa bado ameshikwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mke, na nadhani alitaka kunifutia yote aliyoyawaza njia nzima. Akainuka, akamshika Mama mabega.

"Mama, tumemdhania mwanao mabaya bure. Kumbe amekuwa akijificha kwa Fundi, anamalizia kitandiko chako! Alitaka akushtukize!"

Aliamini. Hilo ndilo linaloniuma. Hakunitungia uongo, alinifikiria vizuri.

Uso wa Mama ukafunguka. Sijui niuelezeje. Ulikuwa uso wake wa zamani, wa enzi zile alipokuwa anatunga uzi kwenye sindano bila hata kuitazama.

"Kimeisha?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa "bado". Neno dogo, hata mtoto anayejifunza kuongea analiweza. Nililiandaa kabisa mdomoni. Halafu nikamtazama tena, na ile hali inayonipata mbele ya uzi mpya ikanipata mbele ya uso ule.

"Kimeisha, Mama."

Mlango ukapigwa teke. Wifi kaingia anahema, shali limeinuliwa juu.

"Uko wapi wewe? Leo utasema mbele ya mama yako hiki ni kitu gani!"

"Mwanangu, ni wewe?" Mama akageukia sauti, anacheka. "Umekuja wakati mzuri. Njoo usaidie kushika upande mmoja. Kitandiko changu kimeisha!"

Wifi akamtazama Mama. Akanitazama mimi. Mdomo wake ulikuwa wazi tayari, na maneno yamejaa. Nikamwomba kwa macho. Wifi yangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kumeza neno, siku ile alilimeza. Akalisukumiza shali chini ya mto wa kochi.

"Sawa, Mama," akasema. "Tutakishika."

Ningefurahi kama angenisema. Nilizoea kupigana naye. Kusaidiwa naye kulinitia hofu.

Nikaenda chumbani kuchukua kitandiko. Mtaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa natamani tu chumba kiwe mbali. Nikakitoa kwenye mfuko: maua ya Mama, yote yamekaa sawasawa, kisha mistari yangu michache myeupe, kisha pini iliyozuia kitanzi cha mwisho kisifumuke. Pini nikaigeuzia ndani. Eti isionekane. Kitandiko kizima hakipo, mimi naficha pini.

Mume wangu alinipokea mlangoni. Alipokikunjua akaona kilivyo kifupi, akakigeuza, akatazama mikononi mwangu.

"Kipande kingine kiko wapi?" akanong'ona.

Nikainamisha uso. Kicheko chote kikamtoka usoni.

"Haya, wanangu, nini tena?" Mama akaita. "Mnaninyima?"

Yeye na wifi wakapanda juu ya viti, huyu kushoto yule kulia, wakakibana kitandiko ukutani. Ukuta wenyewe mweupe, tuliupaka chokaa mwaka huu. Mimi nikafungua mapazia ili Mama apate mwanga wa kutosha. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa.

Mama akarudi nyuma hatua kwa hatua, huku anapapasa, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa mbele. Hapo ndipo ukuta wote unapomwenea. Akajifuta macho kwa kiganja, akasimama wima, akatazama.

"Hayo maua yangu," akasema. "Na njano yake haijafifia! Lile la pembeni nililikosea, mnaliona? Nayaona yote. Nayaona yote jamani."

Akacheka peke yake. Kisha akashusha kichwa kidogo, atazame chini yake.

Akakunja paji la uso.

"Hebu kishusheni."

Wakakishusha.

"Kidogo tena."

Mume wangu alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Ya kwako umeyatia rangi gani, mwanangu?"

Nikasikia sauti yangu inasema, "Njano, Mama. Kama yako."

Akafikicha jicho moja, akafikicha la pili. Akapeleka kichwa kushoto, akakirudisha kulia, anatafuta. Nilimwona anayatafuta maua yangu.

"Siyaoni," akasema. "Ya kwangu nayaona. Ya kwako siyaoni hata moja. Chini hapa naona weupe mtupu."

Juu ya kiti, mume wangu aligeuka akaniangalia, na hakuniangalia kama mke wake.

"Daktari aliniambia itakuja hivi," Mama akasema, na sauti yake haikuwa na lawama yoyote. "Kwamba sehemu itaondoka, kisha sehemu nyingine. Nilimwambia lakini asubiri mwanangu amalize. Basi si kosa lako. Wewe umejitahidi, umekimaliza, mimi ndiye nimechelewa."

Nikafungua mdomo.

Akanyoosha mkono mbele, upande ambao sikuwepo. "Njoo unishike, mwanangu. Nikalishe. Sioni tena."

Nikaenda, nikamshika mkono, nikamkalisha.